Mtwara–Dar kwa ndege: usipige hesabu ya dakika 40

Wiki iliyopita nimesaini mzigo wa korosho zilizobanguliwa na mteja mkubwa tu wa Dar, alhamdulillah, na nlivorusha picha nikiwa uwanja wa ndege inbox ikajaa. Wengi hongera, wengine umbea, ila dogo mmoja wa Mikindani kauliza la maana: "Dada, mtandao unasema Mtwara Dar dakika 40, tiketi inasema saa moja na kitu, nani muongo?"

Hakuna muongo dogo. Ukivuta mstari ulionyooka toka Mtwara mpaka uwanja wa ndege wa Nyerere wa Dar unapata kama kilomita 400. Ukikuta sehemu wameandika 248 na kwingine 215 ujue hizo ni maili, 248 za kawaida na 215 za wanamaji ambazo marubani nao wanatumia, moja ina kilomita 1.852, umbali ni uleule. Lami ndo inafika 550 na zaidi maana inazunguka Mingoyo, Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri, Kibiti, wakati mstari wa angani unakatiza baharini, Kilwa unaiacha kushoto na Mafia kulia.

Sasa hiyo mitandao inachukua 400 inagawa kwa spidi ya ndege, tuseme ile Bombardier Q400 ya mapangaboi inayokata kilomita 600 na ushee kwa saa, hesabu imeisha. Kwani ndege inawaka tu na kuwa na spidi hiyo? Inatambaa mpaka kwenye ranwei, inapanda, ikikaribia Dar inapunguza mwendo, na Dar kuna ndege nyingi mnaweza kuzungushwa kwanza mkisubiri zamu. Muda wa tiketi unahesabiwa toka inatoka maegesho hadi inasimama maegesho, ndo maana ni mrefu.

Mie sihesabu hata huo wa tiketi. Nahesabu toka nafunga mlango wa kwangu Shangani mpaka nakaa mbele ya mteja: kuwahi kuchekiini, kusubiri, kuruka, kungoja begi, halafu foleni ya makutano ya TAZARA pale Dar ambayo haina adabu. Saa nne zinaenda. Bado ni nafuu, basi ukitoka nalo stendi ya Mkanaledi huku Mtwara alfajiri unaingia Mbagala kutwa imeisha na kiuno si chako.

Kuna watu hapa mjini nliwasikia kwa masikio yangu, "korosho zenyewe za kupima kwa kibaba, ndege ya nini, anajifanya bosi." Iliniuma, na bado inaniuma nisidanganye. Lakini Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko barabara ikakatika kule Somanga, haohao ndo walikuwa wananipigia kuulizia nafasi za ndege. Sisi watu wa Kusini tuna kaugonjwa ka kumcheka anayejipa thamani, jamani tubadilike, mtu akilipia muda wake mwacheni, hela yake, jasho lake. Mnataka biashara kubwa na hamtaki kuonekana mnaitafuta, itakujaje?

Haya dogo, tiketi kata mapema, siku za mwisho bei inapaa, na kilo za begi zisome kwenye tiketi yako usiende na kiroba cha korosho za shangazi. Mteja akikwambia saa nne asubuhi muombe saa nane mchana. Atakubali tu.