Mhunzi wa Ndani ya Mlima: Niliyojifunza Nikimwandika Tindo

Nimemwandika Tindo kwa miaka mitatu sasa. Ni mhunzi. Kimo chake kinafika kiunoni mwa mtu mzima, anaishi na ukoo wake ndani ya mlima, na panga za wafalme watatu wa ulimwengu nilioubuni zimetoka mikononi mwake. Katika rasimu ya kwanza alikuwa na ndevu, hasira na nyundo, basi. Niliona inatosha, kwa sababu ndivyo wahunzi wa aina yake wanavyochorwa kila mahali.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyefua majembe na mapanga karibu maisha yake yote. Alifika pale ambapo Tindo anayeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu ili atoe upanga, akanirudishia karatasi. "Chuma cha upanga hakimiminwi kama uji, mwanangu. Hufuliwa."

Alikuwa sahihi. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Mhunzi anafanya kazi chini ya hapo, chuma kikiwa kimelainika lakini bado ni kigumu kiasi cha kushikwa kwa koleo na kupigwa. Kipo chuma cha kumimina, kimejaa kaboni, na hutengenezwa vitu vingi vizuri, lakini upanga wake ungevunjika kwa pigo la kwanza. Ukurasa wangu wote ulikuwa uongo. Si uongo wa kindoto ambao msomaji anaukubali kwa furaha, bali uongo wa mtu asiyejua kazi ya mhusika wake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuandika mhunzi wa namna hii: nenda ukakae karakanani. Usiende na maswali mengi. Kaa tu. Nilikaa kwa yule mzee siku nne, na siku ya kwanza nilishangaa kwa nini amefunga dirisha wakati joto linatuua. Akanionyesha. Mhunzi husoma moto kwa rangi ya chuma: nyekundu iliyofifia, nyekundu iliyoiva, chungwa, njano. Ikikaribia nyeupe na kuanza kurusha cheche, chuma kinaungua na kazi imeharibika. Mwanga wa jua ukiingia, rangi hizo zinadanganya. Ndiyo maana karakana huwa na giza.

Niliposikia hivyo nilitaka kulia kwa furaha. Miaka yote nilikuwa nimemweka Tindo ndani ya mlima kwa mazoea tu, sasa nikapata sababu. Watu wake ni wahunzi hodari kwa kuwa wana giza la kutosha kuona moto.

Jambo la pili lilitoka kwenye fuawe, kile chuma kizito ambacho mhunzi hufulia juu yake. Fuawe huwekwa usawa wa vifundo vya ngumi, mhunzi akiwa amesimama na mkono ukining'inia. Sasa fikiria fuawe la Tindo. Liko chini mno kwa mtu mrefu. Askari wa mfalme anayekuja kujisifu kwamba naye anajua kufua analazimika kuinama, na baada ya nusu saa mgongo unamuuma. Ufupi wa Tindo ukaacha kuwa upungufu. Katika chumba kile, mrefu ndiye mwenye shida. Hakuna maelezo ya kimo ambayo ningeweza kuandika yakafanya kazi hiyo.

Hapo nikalazimika kufikiria pia majina. "Kibete" ni neno ambalo watu halisi wenye kimo kifupi wametukanwa nalo, na "mbilikimo" limetumiwa kwa watu halisi wa misitu ya Kongo, Wambuti na Watwa. Sikutaka mtoto yeyote acheke jirani yake kwa sababu ya hadithi yangu. Nikawapa watu wa Tindo jina lao wenyewe, Wamwamba, na wanajiita hivyo tangu ukurasa wa kwanza. Nakusihi ufanye vivyo hivyo. Kabila lako la kubuni lina haki ya kujiita jina lake.

Ukitaka kuona chimbuko la wahusika hawa, soma masimulizi ya kale ya watu wa Skandinavia yaliyoandikwa Iceland katika karne ya 13. Humo wamo ndugu wawili wafupi, Brokkr na Eitri. Eitri anaweka kazi motoni, Brokkr anavuta mvukuto, kifaa cha kupulizia moto hewa, na ameambiwa asiache kuvuta hata kidogo. Loki, mungu wa hila aliyeweka kichwa chake rehani kwamba hawataweza, anajigeuza nzi. Anamuuma Brokkr mkononi, Brokkr anaendelea. Anamuuma shingoni kwa nguvu zaidi, anaendelea. Mara ya tatu anamuuma kwenye kope, damu inaingia jichoni, Brokkr anamfukuza nzi haraka kwa mkono, na kwa kitambo hicho kidogo mvukuto unalala. Nyundo ya Thor, mungu wa radi, ikatoka na mpini mfupi.

Aliyebuni kisa hicho, naamini, alikuwa amekaa karibu na moto. Anajua kwamba uhunzi si wa mtu mmoja, na kwamba pumzi ikikatika kazi inabeba kovu. Nyundo ile ilihukumiwa kuwa bora kuliko zawadi zote, kovu lake likiwa pale pale. Mpe mhunzi wako mtu wa mvukuto, basi. Tindo nilimpa binti yake, Kure.

Usisahau makaa. Ndani ya mlima hakuna miti, kwa hiyo Wamwamba hawawezi kujitosheleza. Wanahitaji msitu wa mtu mwingine, na pia tundu la kutolea moshi, la sivyo watakufa wote. Vita vya kitabu changu vilizaliwa kwenye hesabu ya makaa. Na kutoa chuma kwenye mawe ni kazi nyingine kabisa, yenye tanuri lake. Huko Kagera, katika miaka ya 1970, wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri la namna hiyo kwa kumbukumbu zao mbele ya watafiti, wakijaza shimo lake matete ya bwawani yaliyochomwa nusu. Soma habari zao kabla hujabuni tanuri lolote.

Mwisho, acha chuma kipange mazungumzo. Kikitoka motoni, mhunzi ana muda mfupi tu kabla hakijapoa, na hawezi kuongea akipiga. Maneno yote husemwa chuma kikiwa bado kinaiva. Rasimu ya kwanza Tindo alimsimulia Kure kifo cha mama yake kwa kurasa mbili. Sasa Kure anauliza huku akivuta mvukuto, chuma bado chekundu. Tindo ana mpaka rangi ya chungwa kumjibu. Anakichomoa kikiwa hakijaiva, anakiweka kwenye fuawe, na anaanza kupiga.