Re: Bernie 2016, media zinaingiaje hapo?

Mkuu umeuliza kwa nini sisi watu wa Bernie Sanders mpaka leo tunalaumu media wakati Hillary Clinton alimzidi kura zaidi ya milioni 3 kwenye mchujo wa chama cha Democrats wa kumpata mgombea urais wa Marekani 2016. Kura alimzidi, hilo sibishi, na kule South Carolina watu weusi walimpa Hillary kwa wingi mno, jamaa hakuwahi kupata dawa ya hilo. Lakini cheki mechi ilivyotangazwa. Masupadeligeti, wale wajumbe wakubwa wa chama wasiofungwa na matokeo ya majimbo yao, kura zao zilikuwa zipigwe kwenye mkutano mkuu wa kuteua mgombea mwezi wa 7, ila TV tangu mwanzo zilikuwa zinazijumlisha kwa Hillary, kwa hiyo Bernie kashinda New Hampshire 60 kwa 38 halafu ukiwasha TV unamkuta kaachwa kwa mamia ya wajumbe, sasa mpiga kura wa kawaida si ataona huyu kaisha? Tarehe 15 Machi ndo nilichoka kabisa, Bernie anahutubia Phoenix, chaneli kubwa za habari zinaonyesha jukwaa tupu zikimsubiri Trump, jukwaa tupu mkuu! Halafu 6 Juni shirika la habari la AP wanatangaza Hillary kapita, California wanapiga kura kesho yake.

Angeshinda bila hayo? Sidhani. Ila usiseme tunalialia tu, chama chenyewe 2018 kilibadilisha sheria, masupadeligeti hawapigi tena kura raundi ya kwanza ya mkutano mkuu labda mshindi awe keshajulikana.