Povu la peroksidi kwenye udongo lina maana gani?

Swali: Kila wiki ninamwagilia miche yangu hidrojeni peroksidi iliyozimuliwa kwa maji mengi. Muuzaji alinieleza kwamba povu linaloonekana ni bakteria wabaya wanaokufa, na kwamba wazuri hupona kwa kuwa wanapenda oksijeni. Je, bakteria wa udongoni huitambuaje dawa hii?

Jibu: Bacillus subtilis, mkazi wa kawaida wa udongo, ana protini inayoitwa PerR, iliyoshika atomu ya chuma na kujibana kwenye DNA ili jeni za ulinzi zisifanye kazi bila sababu. Peroksidi ikiingia ndani ya seli, humenyuka na chuma hicho hicho na kuijeruhi protini iliyokishika, nayo huachia DNA. Papo hapo jeni hufunguka na seli huanza kutengeneza katalasi, kimeng'enya kinachoivunja peroksidi ikawa maji na oksijeni.

Sasa litazame povu lako tena. Ni oksijeni itokayo dawa inapovunjwa, ama na katalasi ama na madini ya manganizi yasiyo na uhai wowote, kwa hiyo povu jingi laonyesha jinsi peroksidi inavyoisha, wala halihesabu maiti za bakteria. Habari ya wabaya na wazuri ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu naisikia kila msimu na haina msingi. Kuvuta oksijeni hakumkingi bakteria dhidi ya peroksidi: Rhizobium anayeisaidia mikunde huunguzwa nayo sawasawa na wengine, ilhali Ralstonia solanacearum, msababishi wa mnyauko, naye huvuta oksijeni na ana kitambuzi chake, OxyR, kinachomwamsha ajilinde.

Kipimo chepesi cha kila wiki kina hatari yake. Tangu 1983 imejulikana kwamba bakteria Escherichia coli aliyeonjeshwa peroksidi kidogo hustahimili baadaye kipimo ambacho kingemuua, kwa kuwa kinga yake imekwisha kuamshwa. Wauzaji wa dawa za "kusafisha udongo", iwe ni peroksidi, klorini au unga usio na jina la kiambato, huwauzia watu mazoezi ya namna hiyo kwa vimelea, na kipimo kikali kinachoua kweli huunguza pia vinyweleo vya mizizi.

Ikiwa miche yako inaoza shingo, punguza maji, hakikisha udongo hautuamishi maji, kisha peleka maabara mche mzima pamoja na udongo wake kabla ya kununua chupa nyingine.