Makro ya kunakili mistari inagoma na kosa 1004: kagua hapa kwanza

Mkuu, nimeupitia msimbo wako wote. Unasema makro yako ya Excel (programu ndogo ya VBA) inachukua mistari ya wanachama kutoka shiti ya Marejesho na kuibandika Muhtasari. Ukiiendesha ukiwa umefungua Marejesho inapita, ukiwa Muhtasari inagoma na kosa 1004. Wengi hapo juu wamekushauri usakinishe Excel upya. Usihangaike. Nafanya hesabu za SACCOS na makro za namna hii ndizo tunazofungia mwezi. Ikikubali kwenye shiti moja na kukataa kwenye nyingine, Excel ni nzima; tatizo ni makro kutojua imesimama shiti gani.

Tazama mstari huu wako:

Worksheets("Marejesho").Range(Cells(2, 1), Cells(n, 8)).Copy

Range umeipa mwenyewe, yaani shiti inayoimiliki: ni ya Marejesho. Zile Cells mbili za ndani hukuzipa. Kwenye moduli ya kawaida, Cells isiyo na mwenyewe huhesabiwa kuwa ya shiti iliyo wazi wakati huo. Kwa hiyo ukiwa Muhtasari, unaidai Marejesho itengeneze eneo kwa seli za shiti nyingine, jambo lisilowezekana. Iandike hivi:

With Worksheets("Marejesho")
.Range(.Cells(2, 1), .Cells(n, 8)).Copy Worksheets("Muhtasari").Range("A2")
End With

Angalia nukta kabla ya kila Cells. Watu huweka ya Range tu, wakasahau hizo mbili, kisha wanarudi kulalamika kuwa With haisaidii.

Chini kidogo unanakili safu C nzima na kuibandika kuanzia J2. Hapo itagoma hata ukiwa shiti yoyote. Safu ina mistari 1,048,576. Ukianza mstari wa 2, mmoja unakosa pa kukaa, na Excel haikati. Vivyo hivyo mstari mzima una seli 16,384, lazima uanzie safu A. Na kama faili la tawi bado ni la .xls, lenyewe lina mistari 65,536 na safu 256 tu, hivyo safu nzima ya .xlsx haiingii humo kabisa. Nakili eneo lenye data peke yake.

Sasa hiyo n, yaani namba ya mstari wa mwisho wenye data. Unaipata kwa Range("A1").End(xlDown). Mwanzoni mwa mwezi, shiti ikiwa na vichwa tu, amri hiyo inaruka hadi mstari wa mwisho kabisa, na kwa kuwa n umeitangaza kuwa Integer, ambayo mwisho wake ni 32,767, unapata kosa 6 (namba imezidi uwezo). Hilo afadhali, unaliona. Kibaya ni pale katikati pakiwa na seli tupu: inasimama hapo, wanachama wa chini hawanakiliwi, na hakuna ujumbe wowote. Tangaza n kuwa Long, inayobeba namba kubwa zaidi, kisha ndani ya ile With, kabla ya mstari wa Copy, weka:

n = .Cells(.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row

Inatoka chini kwenda juu, mapengo hayaisumbui.

Jambo ninalokuomba sana ni kuondoa On Error Resume Next pale juu, amri inayoruka makosa kimyakimya. Ofisini kwetu kulikuwa na makro ya zamani yenye mstari huo. Mtu akabadilisha jina la shiti, nafasi moja ikabaki mwishoni mwa jina. Kosa 9 (shiti haipatikani) lingetokea papo hapo, lakini lilimezwa, na muhtasari ukabaki na tarakimu za mwezi uliopita. Ulikaribia kwenda kwenye kikao cha bodi ukiwa hivyo. Hizi ni akiba za watu, bora makro igome mbele ya macho yako.

Ikigoma, bonyeza Debug, mstari utapakwa njano. Bonyeza Ctrl+G kufungua dirisha la Immediate, andika ? n kisha Enter, halafu ? "<" & ActiveSheet.Name & ">" ili uone hata nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina.

Kama unahitaji thamani tu bila rangi na fomula, acha Copy, sawazisha maeneo mawili yenye ukubwa uleule kwa .Value. Ni haraka na haitegemei ubao wa kunakilia. Ila namba za uanachama kama 00417 na za simu zinazoanza na 07 zitapoteza sifuri ya mbele, kwa hiyo safu za kubandikia namba hizo tu zipe kwanza NumberFormat = "@" (maandishi).

Rekebisha hayo, uiendeshe ukiwa Muhtasari. Ikigoma tena, weka hapa mstari wa njano pamoja na majibu ya Ctrl+G, na useme kama kuna seli zilizounganishwa kwenye vichwa vya Muhtasari.