“Ni kwa usalama wa watoto wako”: huo nao ni ubaguzi?

SWALI: Habari wakili. Tuna watoto wanne, tuko Marekani mwaka wa tatu sasa na bado hatujapata uraia. Niliomba nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, ghorofa ya tatu. Msimamizi wa jengo akasema familia zenye watoto huwekwa chini, upande wa nyuma, kwa usalama wa watoto. Alikuwa mpole, hata pipi aliwapa. Mume wangu anasema hapo hakuna ubaguzi, hatukutukanwa. Ndugu mmoja anataka dola 200 anifungulie kesi. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, usimsikilize yeyote kati yao. Alichokifanya msimamizi kinakatazwa na sheria, na dola 200 zako zibaki mfukoni.

Hili la “hatukutukanwa” nalisikia karibu kila wiki, na ndilo linaloniuma kuliko yote, maana watu wanakaa kimya wakisubiri tusi. Sheria haiulizi kama msimamizi alitabasamu. Inauliza kama mpangaji asiye na mtoto angepewa nyumba ile ya juu. Kama angepewa, na wewe umenyimwa kwa sababu ya watoto, pipi hazibadilishi kitu. Sheria ya haki katika makazi ilitiwa saini Aprili 11, 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, na familia zenye watoto walio chini ya miaka 18 ziliongezwa mwaka 1988. Ngazi na madirisha ni uamuzi wako wewe mzazi. Kazi ya msimamizi ni kukutajia nyumba zote zilizo wazi, uchague mwenyewe. Wala asije na kisingizio cha idadi: mko sita kwa vyumba vitatu, yaani wawili kila chumba, kiwango ambacho kwa kawaida serikali huko hukiona cha haki. Na uraia usikutie hofu, sheria inamlinda mtu yeyote, si raia peke yake.

Ubaguzi wa siku hizi una adabu sana. Baba mmoja alipiga simu kuulizia nyumba, akajibiwa kwa upole kwamba imeshachukuliwa. Dakika arobaini baadaye rafiki yake, Mmarekani mweupe, akapiga namba ileile, akaambiwa aje kesho saa kumi na moja jioni kuiona. Waliandika saa zote mbili nyuma ya risiti ya duka. Kile kikaratasi kilichokunjamana ndicho kilichobeba shauri zima. Tusi halikuwepo hata moja.

Sasa huyo ndugu wa dola 200. Kupeleka malalamiko HUD, wizara ya nyumba na maendeleo ya miji, ni bure. Unaweza kupeleka kwa mtandao, kwa simu au kwa barua. Hawa vishoka wanajaza fomu ambayo ungeijaza mwenyewe, tena wanakosea jina la mwenye jengo na kubuni tarehe, halafu mwenye kuonekana mwongo ni wewe. Wengine wanawashauri watu wagome kulipa kodi ili mwenye nyumba atie akili. Tafadhali, msifanye hivyo! Mnampa sababu ya kuwapeleka mahakamani kuwatoa, na kesi ya kutolewa ikishaingia kwenye kumbukumbu, wenye nyumba wengine wanaweza kuisoma kila mtakapoomba kupanga. Wengine wanasema mrekodi mazungumzo kwa siri. Katika majimbo kama California, kurekodi mazungumzo ya faragha bila ridhaa ya wote ni kosa la jinai.

Kibaya zaidi, wanakula muda. HUD inapokea malalamiko ndani ya mwaka 1 tangu tendo lenyewe, na mahakamani una miaka 2. Mama mmoja alinifikia mwezi wa kumi na nne, karatasi zake zilikuwa zimelala kwa kishoka tangu mwanzo, risiti ya malipo anayo mkononi. Kwa HUD tulikuwa tumechelewa, ikabaki mahakama, njia ndefu na ya gharama. Yule aliyemlipa hakupokea simu tena.

Kwa hiyo usiku huu, kabla hujasahau, andika maneno ya msimamizi kama alivyoyasema, tarehe, saa, namba ya nyumba uliyoomba na ile aliyokupa. Hifadhi tangazo na jumbe zote. Kesho mwandikie barua pepe fupi ya heshima, umuulize kama nyumba ya ghorofa ya tatu bado iko wazi na kama unaweza kuipata. Akijibu, usifute. Asipojibu, andika hilo nalo, kisha fungua malalamiko wiki hiihii. Akianza kukutisha kwa sababu umelalamika, hilo ni kosa jingine kisheria, liongeze kwenye malalamiko yaleyale.