Kutoka afisa mapato hadi Mkurugenzi wa Jiji

Ndugu, umeeleza kuwa wewe ni afisa mapato Jiji la Dodoma, unatamani ukurugenzi ili ulete mageuzi. Nafasi hiyo haiombwi kwa barua. Mkurugenzi wa Jiji huteuliwa na Rais, kwa hiyo jenga rekodi inayoonekana hapo ulipo.

Anza na fedha mbichi, yaani taslimu iliyokusanywa ambayo bado haijaingia benki. Kila jioni chukua ripoti ya kila mashine ya POS (ya kukusanyia mapato na kutoa risiti), ilinganishe na kilichoingia benki kwa namba ya malipo. Pengo likionekana, mwandikie mkusanyaji siku hiyo hiyo. Ukingoja mwisho wa mwezi, fedha imeshatumika na deni linageuka hoja ya ukaguzi ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hapo ndipo wengi huharibikiwa, tena watu waadilifu kabisa.

Halafu omba kukaimu ukuu wa kitengo, na uzoee kuitetea bajeti mbele ya Kamati ya Fedha. Madiwani wapelekee takwimu za kata zao mapema, wasizikute kikaoni.

Ukiagizwa kulipa kitu kisicho kwenye bajeti, omba agizo kwa maandishi, kisha muone mwanasheria wa halmashauri kabla hujasaini.