Maswali yenu ya kabati dogo la gemu: mkono wa mtu haupunguzwi

Tangu nianze kuongelea haya makabati madogo ya gemu maswali yamekuwa mengi na mengine yanafanana, kwa hiyo leo nayajibu kwa mkupuo. Kwa aliyechelewa, tunaongelea kabati la mbao la kuweka mezani lenye umbo la zile mashine za gemu za kusimama za miaka ya 80, ndani unaweka kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, skrini, spika na vitufe, na linachezeka kweli kweli.

Fundi, nataka liwe robo ya lile la kawaida. Nagawa vipimo vyote kwa 4?

Usigawe vyote ndugu yangu. Makabati mengi ya zamani yalikuwa na kimo cha kama sm 175 hivi, ukigawa kwa 4 unapata 44 na hapo linakaa vizuri sana mezani, shida inaanza ukifika kwenye vitufe. Kitufe cha kawaida kina upana wa mm 30, robo yake ni milimita 7 na nusu, hapo kidole kimoja kinafunika kitufe kizima na bado kinagusa cha jirani. Mkono wa mtu haupunguzwi! Ndo maana mimi naanza na mkono, nachukua kadibodi naweka viganja viwili juu yake kama mtu anayecheza, nachora kuvizunguka, na ule mchoro ndo unanipa upana wa paneli ya vitufe, halafu skrini inafuata, halafu kabati lenyewe. Kwa mtu mzima mi nisingeshuka chini ya sm 24, na vitufe chukua vya mm 24, vipo na vinabofyeka vizuri tu. Joistiki, kile kijiti cha kuelekezea, nayo ina mwili wake chini ya paneli, ipime na waya zake ikiwa mkononi kabla hujakata chochote.

Na kingine, kata kabati zima kwa kadibodi kwanza, lishike na tepu, likae mezani siku mbili tatu. Utaona mwenyewe kama skrini imelala sana au paneli imepanda mno, na kadibodi kurekebisha ni dakika mbili, mbao ikishakatwa imekatwa.

MDF au plaiwudi?

Kama utapaka rangi, MDF, ile mbao ya nyuzi zilizosagwa na kubanwa kwa gundi, maana uso wake hauna mistari ya mbao. Kwa kabati la mezani mm 9 inatosha, ya mm 18 ni ya makabati makubwa na hapa italiongezea uzito bure. Ila vumbi lake ni laini sana na gundi iliyoshika zile nyuzi ina formaldehaidi, kemikali yenye madhara, kwa hiyo barakoa ya vumbi vaa kila unapokata na kila unapopiga msasa, na fanyia nje. Kama unataka mbao ionekane na vanishi juu basi plaiwudi.

Mkuu sijawahi kushika lehemu maishani, vitufe ntaviungaje?

Lehemu huihitaji. Kuna kibao kidogo cha saketi kinachotafsiri vitufe, unakichomeka kwenye USB na kompyuta inakiona kama padi ya kawaida ya gemu. Kila kitufe kina miguu miwili, waya mmoja wa ishara na mmoja wa ardhi, na mguu upi uende wapi haijalishi, kazi yake ni kufunga njia tu ukibofya. Unasukuma klipu inashika, basi. Andika namba kwenye kila waya kwa kipande cha tepu kabla hujafunga paneli, tafadhali sana, maana kitufe kimoja kikigoma baadae utakuwa unatafuta waya mmoja kati ya ishirini na kitu kwenye kiboksi ambacho mkono wako hauingii.

Pac-Man inatokea kadogo katikati, pembeni kote cheusi. Nimekosea wapi?

Hujakosea, ni skrini imelala. Pac-Man ya 1980 ilichezwa kwenye skrini iliyosimama, picha yake ni pikseli 224 kwa 288, na Donkey Kong ya 1981 nayo ilikuwa ya kusimama. Ukiiweka kwenye skrini pana ya siku hizi inachukua chini ya nusu ya kioo, ila ukiisimamisha hiyo hiyo skrini na kugeuza picha kwenye mipangilio inajaza kama robo tatu. Kwa hiyo kabla ya kuchora kabati amua ni gemu gani unazipenda zaidi, za kusimama au za kulala, kabati dogo haliwezi kuzihudumia zote sawasawa na mi naona bora lihudumie moja vizuri. Na kama ni Pac-Man, geuza kile kibati cha chini ya joistiki iwe ya njia 4 (juu, chini, kushoto, kulia tu), ukiiacha ya njia 8 utakuwa unakwama kwenye kona na kudhani tatizo ni vitufe.

Nimepaka koti tatu na kingo bado zinakwaruza kama msasa. Rangi mbovu?

Hili swali nalipenda kwa sababu hapa ndipo kabati linapopata sura yake. Rangi haina kosa, ni kingo. Uso wa MDF umebanwa lakini ukiikata ndani ni kama sponji, inakunywa rangi na nyuzi zinavimba, paka koti kumi itakunywa kumi. Dawa ni kuziba kwanza. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji nusu kwa nusu, paka kingo tu, acha ikauke kabisa, na ukipitisha kidole utasikia vinyweleo vimesimama vikavu vigumu kama ndevu za siku mbili. Hapo piga msasa namba 240 taratibu mpaka vilale, rudia mara ya pili, ndo upake praima, ile rangi ya kutangulia, msasa wa 400, halafu sasa rangi, koti nyembamba nyembamba. Ile mara ya pili watu wengi wanairuka na ndiyo inayoleta ule uso ambao mtu akipita lazima auguse.

Nataka lipambwe tofauti na ya wengine, nipe wazo.

Iga gemu ya Space Invaders ya 1978. Skrini yake ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, zile rangi watu walizoziona zilikuwa vipande vya plastiki ya rangi vilivyobandikwa juu yake, na kwenye kabati la kusimama picha ilikuwa inaakisiwa kwenye kioo mbele ya mchoro wa mwezi, wale wavamizi wakaonekana wanaelea angani. Kwa kabati dogo chukua ukanda wa plastiki ya kijani inayopitisha mwanga, bandika juu ya kioo cha skrini, sehemu ya chini pale mzinga unapotembea, gemu iache nyeusi na nyeupe, zima taa za chumba uone.

Kuna alama ya radi inatokea kwenye kona ya skrini.

Umeme hautoshi. Chaja ya simu mara nyingi haifikishi, Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Na usiwe unachomoa tu ukimaliza kucheza, zima kwenye menyu kwanza, memori kadi zinaharibika hivyo.

Mwanangu ana miaka 6 anataka kusaidia, nimpe kazi gani?

Mpe kile kibao cha juu chenye jina. Achore kwenye karatasi nyeupe ya kawaida kwa kalamu za wino wa maji, rangi zilizokolea, usimsahihishe herufi. Ile karatasi ibane katikati ya vipande viwili vya perspeksi (plastiki ngumu inayoangaza kama kioo), nyuma yake weka ukanda wa taa za LED za volti 5 ukiwa mbali kidogo, sm 3 au 4, ili mwanga usambae usionekane nukta nukta. Siku ya kuliwasha mwache yeye ndo abonyeze swichi.